Gurudumu na Ardhi Yake

Anayekwenda kununua ubao wa magurudumu kwa kawaida huvutiwa kwanza na michoro iliyopakwa tumboni mwa ubao. Mafundi ninaowasifu hapa huanza na barabara. Huipita kwa miguu, huipiga kisigino, huuliza mvua ikinyesha maji hupita upande gani, ndipo wanaposhika msumeno. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, magharibi mwa Tanzania, somo hilo hujifundisha lenyewe. Udongo mwekundu wa nyanda zile hugeuka vumbi jepesi wakati wa kiangazi na tope la kunata wakati wa mvua, na gurudumu dogo halina pa kupita wakati wowote.

Tutazame ule ubao wa dukani. Kwa kawaida ni tabaka saba nyembamba za mti wa mepo, unaoota nchi za baridi, zilizoshikanishwa kwa gundi na kukandamizwa mpaka zikawa kitu kimoja chenye upana wa sentimita 20 hivi. Chini yake kuna ekseli mbili, magurudumu manne na beringi nane. Kila beringi ina tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22. Gurudumu la mchezo wa mtaani lina kipenyo cha milimita 52 au zaidi kidogo, na ugumu wake huandikwa 99A. Juu ya saruji iliyosuguliwa halina mfano. Lilete kwenye changarawe, kokoto moja tu italisimamisha ghafla, na aliyelipanda ataendelea na safari peke yake.

Wengi hudhani gurudumu gumu ndilo imara. Kwa barabara mbaya ni kinyume chake: linalofaa ni kubwa, kuanzia milimita 60 na kuendelea, na laini, la 78A au karibu na hapo, linalobonyea kidogo linapokutana na kokoto kisha likaipanda. Historia ya mchezo huu inalithibitisha jambo hilo. Watoto wa California wa miaka ya 1950 walipigilia vyuma vya viatu vya magurudumu kwenye vipande vya mbao, na kwa miaka mingi wakateleza na kuanguka kwa magurudumu ya chuma na ya mchanganyiko wa udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya plastiki ya poliyurethani, na mchezo uliokuwa umedorora ukafufuka. Ubao ulibaki ubao. Kilichobadilika ni kile kinachogusa ardhi.

Lakini kwa ufundi wa kusoma ardhi, mimi naiweka chukudu juu ya ubao wowote wa dukani. Inatoka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na Goma imejengewa hata sanamu yake katikati ya mzunguko wa barabara. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, chenye usukani. Mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao, kwenye kipande cha mpira kilichowekwa hapo makusudi, na mguu wa pili husukuma ardhi. Kwenye mteremko hupanda na kuachia. Tangu miaka ya 1970 chukudu zimekuwa zikishusha viazi, kabichi na makaa kutoka vilimani hadi mjini, mzigo wa mamia ya kilo, juu ya barabara za mawe ya volkano ya Nyiragongo ambayo yangemaliza tairi la baiskeli kwa muda mfupi. Fundi wake hutumia mkaratusi na mti mgumu uitwao mumba, kisha huvisha magurudumu mpira wa tairi kuukuu. Hakuna kilichowekwa kwa urembo. Hata kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma kina kazi: kikikanyagwa hukwaruza gurudumu, hiyo ndiyo breki.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita, wengi wao wa Kivu Kusini, na kuanzia 2015 Warundi wakaingia kwa makumi ya maelfu. Basi kijana wa huko anayetaka ubao wa kuchezea ana urithi wa karibu kuliko ule wa California: chukudu. Aanze na mabaki ya mbao kwenye karakana ya seremala, maana misitu ya Kasulu na Kibondo imeshabeba mzigo wa kuni wa kutosha. Kipande cha mninga akikipata ni bahati: hakipindi ovyo kikikauka. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka, kwa hiyo matundu ya bolti yatobolewe kwa keekee, misumari isipigiliwe. Ubao auinue usawa wa jicho, autazame kwa urefu wake kama fundi anavyokagua boriti, aone umejikunja wapi. Nyuzi zikimbie kutoka kichwa hadi mkia. Penye jicho la tawi asiweke ekseli, hata kama ubao unapendeza kiasi gani.

Beringi zilizotolewa kwenye pikipiki hupatikana kwa mafundi, na namba kama 6301 ina tundu la milimita 12, linalopokea ekseli nene ya kutosha. Aizungushe karibu na sikio. Ikikoroma, ina mchanga. Aioshe kwa mafuta ya taa, aikaushe, aipake grisi, aisikilize tena. Ikiendelea kukoroma airudishe. Wapo wanaotumia beringi yenyewe kama gurudumu. Kwenye sakafu ya saruji inalia kwa raha yake, lakini kwenye udongo inazama. Afadhali gurudumu la mbao lililovishwa ukanda wa tairi, beringi ikae katikati.

Njia nyingine ni kuibadilisha ardhi yenyewe. Kitintale, mtaa wa Kampala, vijana walikoroga saruji mwaka 2006 wakajijengea uwanja wa mchezo huu. Kangemi, Nairobi, uwanja kama huo ulijengwa mwaka 2013 kwenye makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani skate-aid. Hapo ndipo lile gurudumu la 99A lilipo nyumbani. Lami ya barabara kuu ya Kasulu kwenda Kibondo nayo inavutia, ila ni ya malori, na sitamshauri mtoto wa mtu.

Kofia ngumu ichaguliwe kama beringi, kwa mkono na kwa jicho. Isicheze kichwani mtu akitikisa, na isiwe imewahi kugongwa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi, hata ganda la nje likibaki linang'aa. Kandambili zibaki nyumbani. Viatu vya soli bapa ya mpira vinatosha.

Wakati wa kuunganisha, nati ya gurudumu isikazwe mpaka mwisho. Iachiwe nafasi ya kucheza kidogo sana, gurudumu lisukumwe kwa kidole lizunguke lenyewe. Bolti za ekseli zikazwe sana, na baada ya siku ya kwanza zikazwe tena, kwa kuwa mbao itakuwa imebonyea chini ya washa.