Kosa Lilifanyika Ndege Ikiwa Bado Chini

Video ya ile Cessna 182 iliyotoka Wilson kwenda Malindi mmeshaitazama, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia yote. Nazitaka sekunde chache tu za mwanzo. Ndege imesimama kando ya njia ya kurukia, breki zimekazwa, rubani anapima injini kwa mizunguko 1,700 kwa dakika. Kwenye kiti cha nyuma yuko Labrador wa manjano. Anainua mguu wa mbele, anakwaruza kinga ya masikio, anatikisa kichwa, na kinga inamporomokea shingoni. Rubani anageuka, anamtazama, anaifungua kinga na kuitupa kwenye kiti cha pembeni. Anasema mbwa haitaki, asiteswe. Punde si punde wanapaa.

Uamuzi ule ulikuwa kosa, na wala si dogo. Wengi wameupokea kama huruma. Mimi naona mtu aliyepewa taarifa wazi kwamba abiria wake hayuko tayari kuruka, akaruka naye.

Irudisheni video mpaka pale mguu unapoinuka, muisimamishe. Kikombe cha kushoto kimekaa mbele mno, karibu na jicho. Sikio limejikunja chini ya ukingo wake, na kati ya sifongo na manyoya kuna mwanya wa kupitisha kidole. Mkanda wa chini ya taya umelegea hadi unaning'inia. Kinga iliyovaliwa hivyo haizibi chochote: inamkera mbwa kwa uzito wake huku kelele ikipita ubavuni. Mbwa aliikataa kwa sababu ilivalishwa vibaya, tena ilionekana ni mara ya kwanza kwake kuivaa injini ikinguruma. Kulikuwa na njia mbili za heshima: kupunguza moto, kugeuka nyuma na kuivalisha upya, sikio limelala na mkanda umekazwa; au kurudi kwenye maegesho na kuahirisha safari. Magneto ya injini ingeshusha mizunguko kupita kiwango wakati ule ule, rubani huyu angerudi bila kubishana na mtu. Sikio la mbwa halikupata hadhi ya magneto.

Sasa tupige hesabu. Ndani ya ndege za injini moja za aina hii, kelele ya mwendo wa kawaida huwa kati ya desibeli 85 na 100, kutegemea ndege na nguvu ya injini. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Wilson hadi Malindi kwa 182 ni karibu saa 2. Chukueni 94, ambayo si ya kutisha kwa ndege hii, na mbwa yule alikuwa amemaliza fungu lake la siku nzima nusu ya safari ikiwa bado mbele. Fungu hilo lenyewe limepangwa kwa ajili ya binadamu, ambaye masikio yake huishia karibu na hezi 20,000. Mbwa husikia hadi kama 45,000. Kwa kiumbe wa namna hiyo, busara ni kukaa chini ya kiwango chetu.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni kichwa cha rubani mwenyewe. Alikuwa amevaa hedseti inayofuta kelele kwa umeme, na alikuwa ameiwasha. Teknolojia hiyo kampuni ya Bose iliifanyia majaribio mwaka 1986 kwa marubani Dick Rutan na Jeana Yeager, walipoizunguka dunia kwa ndege ya Voyager bila kutua, na mwaka 1989 ikaingia sokoni. Kazi yake kubwa ni kufuta mngurumo wa chini, na mngurumo wa 182 uko hapo hapo: propela ya mapanga matatu kwa mizunguko 2,400 hupiga hewa mara 120 kwa sekunde, na silinda sita za injini hulipuka mara 120 kwa sekunde hiyo hiyo. Rubani aliyeondolewa sauti hiyo ndiye aliyeketi kuamua kama kelele inavumilika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Laiti angeivua hedseti yake kwa nusu dakika pale pale, injini ikiwa kwenye 1,700, nina hakika kinga ya mbwa isingetupwa kitini.

Kuna waliotetea uamuzi ule kwa kusema mbele ya safari mbwa alilala, kwa hiyo alikuwa ameshazoea. Neno hili nimelipinga kwenye safu hii miaka nenda miaka rudi, na nitaendelea. Kutulia si ushahidi wa usalama. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio zinazogeuza sauti kuwa ishara za neva zikifa, kwa mbwa kama kwa binadamu, hazioti tena. Kabla hazijafa huchoka, na sikio lililochoka husikia kelele kidogo kuliko mwanzo. Mbwa asiyeshtuka safari ya kumi huenda ameizoea ndege, na huenda ameanza kuwa kiziwi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu kelele za mabanda ya mbwa ulikuta usikivu wa mbwa 14 waliopimwa umebadilika baada ya miezi sita, na hapo ni kelele za kubweka tu. Walipimwa kwa BAER: vijisindano vyembamba chini ya ngozi ya kichwa husoma jinsi ubongo unavyojibu milio inayopigwa sikioni. Mwenye mbwa anayeruka kila mwezi na ana uwezo wa kugharimia kipimo hicho akifanye mapema, ili awe na rekodi ya kulinganishia baadaye. Pale Malindi, mlango ulipofunguliwa, mbwa aliitwa mara mbili bila kugeuka. Harufu za mahali pageni zinaweza kumshughulisha mbwa yeyote, kwa hiyo sihukumu kwa hilo. Ila mwenye mbwa angepaswa kushtuka, naye alicheka.

Na kwa kuwa mada imefunguka, pamba. Bado kuna watu wanaojaza pamba masikioni mwa mbwa wakiamini wamemkinga. Pamba haizuii mngurumo wa injini. Ni kuziba mafuriko kwa kanga. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani, hivyo kilichosukumwa kikapita kona hiyo hukitoi kwa vidole, na kikibaki na unyevu huleta maambukizi. Vidonge vya usingizi navyo ni vile vile. Madaktari wa mifugo huonya dhidi ya kumlevya mbwa kwa ajili ya safari ya ndege, kwa sababu dawa hizo hugusa pumzi na msukumo wa damu, nawe uko futi 9,000 angani bila daktari. Tena mbwa aliyelala kwa dawa anapigwa na kelele ile ile.

Watangulizi wetu walikuwa na vifaa duni na subira kubwa. Mwaka 1944 kikosi cha 13 cha askari wa miamvuli wa Uingereza kilikuwa na mbwa wa kuruka na mwamvuli, maarufu zaidi akiwa Bing. Kabla ya kurukia Normandy, mbwa hao walikalishwa saa nyingi ndani ya ndege zilizoegeshwa, propela zikizunguka, wapate kuzoea sauti na moshi. Mwalimu wao, Ken Bailey, alifanya kazi na mbwa kwa hatua, kila moja ikiwa na zawadi ya nyama. Kinga ya masikio hawakuwa nayo, na sitetei kelele waliyowapa. Lakini kwa watu wale kumwandaa mbwa ilikuwa kazi kamili yenye ratiba yake. Bailey angekuwa na kinga ya leo, mbwa wake angekwenda nayo uwanjani kama anavyokwenda na ukosi wake.

Sisi vifaa tunavyo. Mwaka 2020 jeshi la Marekani lilitangaza kofia laini ya kukinga masikio ya mbwa, iliyobuniwa na kampuni ya Zeteo Tech pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, baada ya kuthibitika kwamba hata safari fupi ya helikopta inaweza kumfanya mbwa asisikie vizuri amri za msimamizi wake. Kwa mbwa wanusaji wanaofuata nyayo za majangili Tsavo, amri isiyosikika inaweza kugharimu maisha. Kwa raia ziko kinga za vikombe na za kofia za kununua.

Mengine ya safari ile yalikwenda vizuri: mkanda wa kifua ulifungwa sawasawa, uzito ulipangwa, na ndege ilishuka polepole ili ngoma za masikio zisawazike.

Kinachobaki ni mazoezi, nayo hufanyika nyumbani. Mvalishe mbwa kinga sebuleni wakati wa kula, dakika chache kwa siku, mpaka aache kuigusa. Mpeleke uwanjani akiwa ameivaa, asimame mbali na injini inayozunguka taratibu, kisha msogeze. Mkalishe ndani injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa bila kuruka. Akiwa na kichwa kinachotelezesha vikombe, mfunge kitambaa cha kubana juu yake. Wiki tatu au nne kwa kawaida zinatosha, na kinga inayoendana na kipimo cha kichwa haifikii bei ya tangi moja la mafuta ya 182. Na siku atakapoikwaruza na kuivua akiwa kwenye njia, pima injini siku nyingine: zima, mshushe, rudi naye nyumbani kwa gari.