Kete Yenye Jina la Babu

Ubao wa shax, mchezo wa Wasomali, hauuzwi dukani. Mzee akitaka kucheza, iwe kwenye kambi ya wakimbizi ya Hagadera au chini ya migunga ya mji wa Garissa, huinama akachora mchangani kwa kidole: mraba mkubwa, ndani yake mraba wa pili, ndani ya huo wa tatu, kisha mistari minne ya kuiunganisha katikati ya pande. Hapo ana nukta 24. Yeye anaokota vijiwe 12, mwenzake anavunja vijiti 12, na mchezo umeanza. Hakuna mfalme, hakuna farasi, hakuna kete bora kuliko nyingine. Watazamaji huwazunguka kabla ubao haujajaa, na kila mmoja ana la kusema.

Kwa watunzi wa michezo ya kompyuta, hapo pana jambo la kusoma kwa makini. Kwa miaka mingi wametafuta namna ya kumfanya mchezaji aone jeshi lililo kwenye kioo ni lake, wakatumia picha za kupendeza, muziki na hadithi ndefu. Kijiwe cha shax hakina uso wala jina. Hata hivyo anayekipoteza hukunja uso kama aliyenyang'anywa mali, na mchezo wa jana husimuliwa tena leo, hatua kwa hatua. Ni nini kilichofanyika hapo?

Kilichofanyika kimo ndani ya kanuni. Wachezaji hupanga kete kwa zamu mpaka nukta zote 24 zijae. Anayetangulia kupata safu ya kete zake tatu, yaani jare, wakati wa kupanga hali kitu papo hapo. Anachopata ni haki ya kuwa wa kwanza kuondoa kete ya mwenzake ubao ukishajaa, kisha mwenzake naye anaondoa moja. Nafasi mbili tu zinafunguka, na kuanzia hapo kila mwendo ni hatua moja juu ya mstari, kila jare mpya ikila kete moja. Dadu haipo, bahati haipo. Dakika za mwanzo mchezaji anajenga nyumba, na muda wote uliobaki anaishi ndani ya nyumba hiyo aliyoijenga mwenyewe. Ukuta ukimwangukia, anajua nani aliuweka.

Kuna kanuni nyingine, nayo ndiyo nzuri kuliko zote. Katika binamu wa mchezo huu unaochezwa Ulaya, mchezaji aliyezibwa asiweze kusogeza kete yoyote ameshindwa. Katika shax hajashindwa. Aliyemziba ndiye anayelazimika kusogea ampishe, na katika mwendo huo wa kumpisha haruhusiwi kula. Katika nchi ya wafugaji, ambako kisima kimoja hunywesha mifugo ya wengi, kanuni hiyo inasomeka kama adabu ya kisimani iliyoteremshwa mchangani: mshinde mwenzako, lakini usimfungie njia ya maji. Mchezaji anaitambua bila kuelezwa, kwa kuwa ameikuta nyumbani kabla ya kuikuta ubaoni.

Ukitoka hapo ukaenda kwenye michezo mikubwa ya kompyuta, tofauti inaonekana mara moja. Civilization VI inao mji wa Zanzibar, na anayekuwa mlezi wake hupata karafuu na mdalasini. Mwaka 2022 mchezo wa Humankind ulitoa nyongeza ya tamaduni za Afrika, Waswahili na Wamaasai wakiwemo. Kijana wa Mombasa anayeona jina la kwao kwenye ramani ya dunia hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila furaha hiyo ni ya siku ya kwanza. Baada ya saa mbili karafuu imekuwa tarakimu kama tarakimu nyingine, na mji wa Zanzibar unachezwa vilevile ambavyo ungechezwa kama ungeitwa jina jingine. Jina lipo, mtu hayupo.

Waliofika mbali zaidi wako kwenye tawi dogo la michezo ya njozi ya zamu, yenye majoka, wachawi na mashujaa, ambamo mchezaji husogeza watu wake kisha akangoja upande wa pili usogeze wake. Mfano wa kwanza ni wa bure kabisa. Battle for Wesnoth, uliotolewa na David White mwaka 2003 na kuendelezwa tangu hapo na watu wanaojitolea, huchezwa bila intaneti na hata kwenye kompyuta ambayo wengine wangeitupa. Ramani ni ya vyumba vya pembe sita. Mchezaji ana dhahabu, na kwa dhahabu hiyo anaandika askari.

Mkuki mmoja, yaani askari wa kawaida kabisa wa kutumia mkuki, hugharimu dhahabu 14. Anapoandikwa, programu humchagulia jina kutoka kwenye orodha na kumpa sifa mbili kati ya nne: nguvu, wepesi, akili au uvumilivu. Anahitaji pointi 42 za uzoefu ili apande ngazi, na kumuua adui wa ngazi ya kwanza humpa 8. Mpaka hapa ni hesabu tupu. Ujanja uko mwisho wa vita. Waliosalia hubaki kwenye orodha, na katika vita inayofuata mchezaji anaweza kumwita tena yeyote kati yao kwa dhahabu 20.

Mgeni ni 14, mwenyeji ni 20. Kama askari yule hajapanda ngazi, mwenye akili ya duka ataandika mgeni. Wachezaji wengi humwita yuleyule wa zamani, kwa sababu alilishika daraja peke yake zamu tatu, au kwa sababu alibaki na uhai wa pointi 2 akatoka. Hadithi hiyo hakuiandika David White. Mchezaji ameitunga kwa matendo yake, na sasa anailipia dhahabu sita za ziada kutoka mfukoni mwake. Mapenzi yamewekewa bei, na kwa kuwa yana bei, yanajulikana kuwa yapo. Wesnoth ungemrudisha mkongwe bila malipo, swali lenyewe lisingeulizwa.

Wildermyth ulikwenda hatua nyingine mbele. Uliundwa na Worldwalker Games, studio ndogo ya Texas iliyoanzishwa na mke na mume, Nate na Anne Austin, na ulikamilika Juni 2021. Mashujaa wake huanza wakiwa wanakijiji, wakulima waliotupa majembe siku balaa lilipoingia. Kila mmoja ana tabia: huyu ni mwoga, yule mshairi, mwingine ana hasira za karibu. Visa vimeandikwa na waandishi wa kweli, lakini kila kisa kimeachiwa nafasi za wahusika, na mashine huangalia nani katika kikosi cha mchezaji anayeifaa nafasi ipi. Kisa kimoja kikimwangukia mwoga husema hivi, kikimwangukia mwenye hasira husema vingine. Wawili hupendana, wawili huwa mahasimu, na uhusiano huo huwasaidia au kuwachochea vitani.

Kisha inakuja kanuni ambayo kila mtunzi angepaswa kuikalia kitako. Shujaa akiishiwa na uhai, mchezo haumuui palepale. Humgeukia mchezaji na kumtaka achague. Shujaa afe, lakini kifo chake kilipe kitu, kama pigo kubwa la mwisho kwa adui? Au anusurike, akimbie, na abaki na kilema? Akinusurika bila mguu, mguu wa mti utaonekana kwenye picha yake mpaka mwisho. Miaka hupita kati ya sura na sura. Nywele huota mvi, wengine hustaafu, watoto wao hukua na kushika silaha. Shujaa aliyemaliza safari huhifadhiwa, na anaweza kurudi katika safari nyingine kabisa, akiwa na makovu yake.

Wildermyth na shax vinakutana hapa. Vyote viwili vinamwachia mchezaji athari za uamuzi wake zikae mbele ya macho yake kwa muda mrefu, badala ya kuzifuta zamu ikiisha.

Sasa tuurudishe mjadala Garissa, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Kambi hizo zilianza mwaka 1991, na zile tatu za mwanzo, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa njaa kubwa ya Somalia, waliokuwamo walikaribia nusu milioni. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Wamesoma mtaala wa Kenya, wanaongea Kisomali nyumbani na Kiswahili shuleni, na tangu 2013 baadhi ya shule zimekuwa na madarasa ya tableti na intaneti chini ya mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR ulioanzia hapohapo. Kijana wa namna hii akitaka kutengeneza mchezo wa njozi ulio wake, kazi ya kuchora ngamia aiache mwisho. Aanze na majina.

Jina la Kisomali ni mashine ya mchezo ambayo tayari imeundwa. Mtu hana jina la familia linalodumu. Ana jina lake, likifuatwa na la baba, likifuatwa na la babu, na mnyororo huo, abtirsi, watoto hufundishwa kuukariri vizazi vingi nyuma. Tia kanuni hiyo kwenye mchezo wenye vizazi kama Wildermyth. Shujaa anayekufa katika safari ya kwanza hahitaji mnara wala ukurasa wa kumbukumbu: anarudi akiwa jina la pili la mwanawe wa kiume, kisha jina la tatu la mjukuu. Kila mchezaji anaposogeza kete, jina la babu aliyemtoa mhanga mwenyewe linapita mbele yake. Wildermyth ulihitaji picha na maandishi mengi kufikia uzito huo. Hapa unapatikana kwa maneno matatu.

Lakabu nazo zipo. Wasomali humpa mtu lakabu kwa umbile lake au jambo lililompata, na mara nyingi lakabu ndiyo hubaki. Imamu Ahmed wa karne ya 16, aliyepigana na wafalme wa Uhabeshi, anajulikana hadi leo kama Gurey, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Mchezo uliotungwa Dadaab ungeweza kutoa lakabu kutokana na kilichotokea ubaoni: aliyerudi bila jicho apate ya jicho, aliyekimbia daraja apate ya daraja, apende asipende.

Lipo jambo la kuangalia, na si dogo. Abtirsi ikisukumwa mbali hufika kwenye ukoo, na ukoo umewahi kuwa sababu ya watu kukimbia. Mtunzi mwenye busara ataishia jina la tatu. Tena kambi si za Wasomali pekee. Wamo Waethiopia, Wasudani Kusini, Wakongo na wengine, kila watu na desturi yao ya kuita. Jambo hili Wesnoth umelirahisisha: orodha za majina, bei na sifa za askari zimo kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyafungua akaandika yake bila kujua lugha ngumu za programu.

Na kifo? Kwa mchezaji aliyezikia ndugu njiani, askari anayefutika kwenye kioo si burudani nyepesi. Lual Mayen aliliona hilo. Msudani Kusini huyu alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu apate dola 300 za kompyuta ya mkononi, naye akawa anatembea masaa kwenda kuichaji. Mchezo wake, Salaam, ni wa kukimbia na si wa zamu, lakini aliifuata njia ileile ya kanuni: mhusika ni mkimbizi, na nguvu zikimwishia, mchezaji humnunulia maji au chakula kwa fedha halisi zinazokusudiwa kuwafikia wakimbizi wa kweli. Mayen hakuchagua kumpa mkimbizi bunduki. Kwa Dadaab, lile chaguo la Wildermyth la kunusurika na kovu lingefaa kuwa kanuni ya kawaida, na kifo kiwe kitu anachokiomba mchezaji mwenyewe.

Zamu zenyewe zinakubaliana na mazingira. Mchezo usiodai kasi haudai intaneti ya kasi. Simu ikizima chaji katikati ya vita, vita hungoja jua la kesho lijaze betri ya sola. Simu moja inatosha wawili, mmoja akimaliza zamu anampa mwenzake, kama wazee wanavyopeana nafasi ya kuinamia ubao.

Kigumu kilichobaki ni wale watazamaji wa shax waliosimama pembeni. Kioo cha simu hakitoshi watu wanane, na hakuna mchezo kati ya hii ya kompyuta uliomwandalia nafasi mjomba anayeng'aka, "Si hapo, si hapo!" kete ikiwa bado hewani. Yapo majaribio yanayoweza kuanza kesho bila fedha nyingi: herufi kubwa zinazosomeka kutoka nyuma ya bega, sekunde chache za kungoja kabla mwendo haujathibitishwa, na kanuni ya shax ya kumpisha aliyezibwa iandikwe hivyohivyo ilivyo. Kisha simu iwekwe chini, katikati ya mkeka, watu wakae kuizunguka.