Nyuzi za Mti Zinavyokwenda: Kukagua Ngalawa na Mashua

Wanunuzi wengi wa vyombo vidogo huanza na rangi. Huzunguka omo, husoma jina, husifu macho mawili yaliyochongwa au kupakwa, moja kila ubavu, kisha huuliza bei. Mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana chombo kibovu mara nyingi hupakwa vizuri kuliko kizima. Mimi rangi huitazama mwisho, na hata hapo ni kwa sababu moja: kutafuta mahali ilipopakwa nene kupita kiasi, maana hapo pana kitu kimefunikwa.

Jambo la kwanza kulitazama ni mapindo. Hakuna chombo kisicho na mapindo, na mti kwa asili yake hautaki kupindwa. Fundi ana njia mbili. Anaweza kwenda msituni akatafuta tawi au shina lililoota limepinda vile anavyotaka, au akachukua gogo lililonyooka na kukata pindo hilo kwa msumeno. Siku ya kwanza, mbele ya mnunuzi, mapindo hayo mawili yanafanana. Lakini katika lile la kwanza nyuzi za mti zinalifuata pindo toka mwanzo hadi mwisho, na katika la pili zinakatizwa njiani, na pale zilipokatizwa ndipo chombo kitakapovunjika. Karibu kila ninalolieleza hapa chini linatokana na hilo.

Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yakitoka. Wakati huo chombo kimelala mchangani na unaweza kukitazama hadi chini kabisa, na mwenyewe hana budi kukuacha uinamie. Maji mafu hayakufai, kwa kuwa nusu ya chombo itakuwa imezama na utalazimika kuuamini mdomo wa muuzaji. Chukua uzi mrefu, kisu kidogo na kijiti cha kupimia.

Tuanze na ngalawa, chombo cha mvuvi asiye na mtaji mkubwa. Mwili wake huchongwa katika gogo moja, na miaka hii gogo hilo mara nyingi ni la mwembe. Mwembe hauchaguliwi kwa uimara, kwani ukiachwa uloweke na kukauka ovyo huoza. Huchaguliwa kwa sababu unanenepa, unachongeka, na ile miembe mikubwa iliyochoka kuzaa bado inapatikana mashambani kwa bei ya kueleweka. Kuna mafundi wanaoupendelea mfenesi, na mtondoo ukipatikana ni bahati. Msufi ni mwepesi mno, lakini usitarajie uishi.

Katika gogo, kitu cha kukiogopa ni moyo wa mti. Nyufa huanzia pale katikati na kusambaa kwenda nje, kwa hiyo fundi makini huchonga akiufikiria moyo huo: ama auondoe wote pamoja na taka za ndani, ama aulaze mahali ambapo ufa hautafika ubavuni. Simama mbele ya omo, kisha mbele ya tezi, utazame ncha za mwili. Ukiona nyufa zinazotoka mahali pamoja na kuelekea pande zote, moyo umeachwa humo, na jua la kaskazi litaimaliza kazi hiyo. Nyufa fupi za juu juu zinazofuata nyuzi si neno. Ufa unaokatiza nyuzi ni neno kubwa.

Kisha gonga. Tumia mpini wa kisu, uanzie omo uende tezi, ubavu mmoja halafu wa pili, ukisikiliza. Mbavu zilizochongwa kwa unene mmoja hutoa sauti moja. Sauti ikizama ghafla, ama pale pana unene ambao fundi alichoka kuutoa, ama pana uozo. Sauti ikipaa na kuwa kama ya debe, tezo imepita kiasi na ubavu umebaki mwembamba. Sakafu iwe nene kuliko mbavu, kwa sababu ndiyo inayoburutwa mchangani na kwenye mawe kila siku. Ngalawa iliyo nyepesi kubeba lakini sakafu yake inalia sawa na mbavu, mimi siinunui. Sifa ya wepesi ni ya siku ya mashindano tu.

Ubao wa nyongeza uliopigiliwa juu ya mbavu ili kuinua kimo si aibu, alimradi gogo lilikuwa dogo na fundi hakuficha. Kagua tu kama ubao huo umelala juu ya ukingo uliosawazishwa kwa randa, au umefunika mawimbi ya tezo kwa pamba na rangi.

Sasa matengo, yale mabawa mawili ya pembeni yanayoizuia ngalawa isipinduke. Hapa wanunuzi hupita haraka, nami naona ndipo penye ustadi mkubwa. Tengo la pwani yetu si gogo la kuelea tu. Ni ubao uliolazwa kwa mshazari, ili upepo unapoilemeza ngalawa upande mmoja, ubao ule uyapande maji na kuinua badala ya kuzama. Kwa hiyo mshazari wa tengo la kulia lazima ulingane na wa kushoto. Funga uzi toka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, halafu pima kwa kijiti toka kwenye uzi hadi kila tengo, mbele na nyuma. Tofauti ya upana wa vidole viwili utaisikia baharini: ngalawa itakwenda vizuri joshi la upande mmoja na kukugomea upande wa pili. Ncha ya mbele ya tengo iinuke kidogo. Ikiinama, itachimba maji kwenye wimbi la kwanza la haja.

Miti inayobeba matengo ndiyo inayopigwa zaidi na bahari, na hapa ndipo nyuzi zinaposema. Itafute iliyopinda kwa kuota. Ikiwa imenyooka ikachongwa pindo, kisu chako kitakuonyesha nyuzi zikitokeza ubavuni mwa mti na kuishia hewani. Na iwe imefungwa kwa kamba. Siku hizi wapo wanaotia bolti na nati wakidhani ni maendeleo. Kamba inaruhusu miti icheze kidogo bila kuumizana, lakini bolti haichezi: inatoboa mti pale penye mzigo mkubwa, inashika kutu, na ufa unaanzia kwenye tundu lake. Kamba ya usumba wa nazi haiozi upesi kwa maji ya chumvi. Ya plastiki huliwa na jua, lakini inapatikana kila duka, na ukiibadilisha mapema haina ubaya. Shika tengo, utikise kwa nguvu. Linapaswa kukubali kidogo na kurudi, bila kulia.

Ufungaji huu wa kamba una ukoo mrefu. Kitabu cha Kigiriki cha safari za bahari hii, Periplus, cha karne ya 1, kinataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani yetu, na mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani uliendelea kushonwa kwa usumba wa nazi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeshona chombo kizima kwa kamba hakuwa amekosa misumari tu. Chombo cha kushonwa hukubali kugonga mchanga na kujinyoosha.

Mashua ni habari nyingine. Hapa kuna mkuku ulio uti wa chini, fashini zinazosimama kwenye ncha zake, mataruma na mbao zilizopangwa ubao kwa ubao, na kila kiungo ni nafasi ya fundi kudanganya. Matondoni kisiwani Lamu, Nungwi upande wa Unguja na Chole karibu na Mafia bado kuna watu wanaozijenga bila mchoro wowote, kwa jicho na kijiti. Kutokuwa na mchoro si kasoro. Kutokuwa na jicho ndiko kasoro.

Piga magoti nyuma ya tezi, ufumbe jicho moja, uutazame mkuku hadi omo. Uwe mstari. Mkuku wa kipande kimoja cha mbambakofi au mvule ni jambo la kufurahia, na kwa kuwa miti hiyo imekuwa adimu na ghali, ukikuta umeungwa usikimbie. Tazama ulivyoungwa: ncha mbili zichongwe mshazari mrefu na kulaliana, si kukutanishwa vichwa. Pale mkuku unapopokea fashini, ingiza ncha ya kisu. Ikiingia, mwache muuzaji na chombo chake.

Kisha ingia ndani. Mataruma ndiyo mbavu za mashua, na hakuna mahali ambapo mti ulioota umepinda unahitajika zaidi. Mlilana na mchu, miti ya kandokando ya maji, hutoa matawi yaliyopinda ya kufaa, na fundi wa zamani alikuwa akipita mikokoni akiyatia alama miezi kabla hajayahitaji. Siku hizi vibali ni vigumu na miti minene imepungua, kwa hiyo utakuta mataruma mengi yaliyokatwa katika mbao pana. Mimi hufanya hivi: nachagua mataruma manne, mawili katikati na mawili karibu na omo ambako pindo ni kali, nakwangua rangi kidogo, nafuata nyuzi kwa ncha ya kidole. Zikipinda pamoja na taruma, naendelea. Zikitoka ubavuni kabla ya kufika mwisho, nahesabu mataruma ya namna hiyo. Mawili matatu katika mashua nzima nayavumilia, hasa kama yamefungiwa mengine pembeni. Yakiwa ndiyo desturi ya chombo chote, bei ishuke sana au tuagane.

Ukiwa humo humo, angalia chini ya mataruma, pale yanapouvuka mkuku. Lazima pawe na matundu madogo ya kupitisha maji ya ngama ili yote yafike mahali pa kufulia. Fundi mwenye haraka huyasahau, na maji yanayolala kati ya taruma na taruma huozesha chombo kimyakimya. Tundu lililozibwa kwa takataka ni uvivu wa mwenye chombo. Tundu lisilokuwepo ni uvivu wa fundi, na nikiuona hapo huanza kuutafuta na kwingine.

Misumari inajieleza kwa nje. Mchirizi mwekundu wa kutu chini ya kichwa cha msumari maana yake maji yameshaingia. Kazi njema hufanywa hivi: tundu hutobolewa kwanza kwa keekee, shingo ya msumari huzungushiwa pamba iliyochovywa mafuta, msumari hupigwa hadi kichwa kizame katika ubao, kisha ncha yake hukunjwa ndani juu ya taruma. Aliyepigilia bila kutoboa ameupasua ubao, hata kama ufa haujaonekana. Misumari isipangwe katika mstari mmoja wa nyuzi, kwa kuwa itauchana ubao. Iende huku na huku. Na kama ncha hazikukunjwa, mashua itaanza kufunguka yenyewe mwaka wa kwanza wa kusi kali.

Kalafati ndiyo inayowababaisha watu wengi. Pamba nyingi si dalili ya kazi nyingi. Mbao mbili zilizochongwa vizuri hukutana kabisa upande wa ndani na kuacha mwanya mwembamba upande wa nje, ambamo pamba ya mafuta husukumwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ukiona mstari wa pamba mpana kama kidole gumba, mbao hazikukutana na fundi ameiachia pamba kazi ya mti. Juu ya hapo, chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu hulishwa sifa, mafuta ya papa. Inanuka, nakubali. Wapo waliohamia mafuta machafu ya injini, nami naona hao wanaikosea bahari na mbao zao kwa pamoja.

Mashua mpya au iliyokaa nchi kavu itavuja siku ya kwanza majini. Hilo ni la kawaida, mbao zina kiu. Mwombe mwenyewe iachwe ikielea usiku kucha, uifue maji asubuhi, uifue tena siku ya pili. Yakipungua, mbao zimevimba na kukutana. Siku ya tatu yakiwa yale yale, kuna mahali hapatafunga kamwe.

Tanga, foromali inayolibeba na kamba vinabadilishika, usiviache vikuamulie. Ila omba safari fupi, na mkiwa mnakwenda kwa upepo wa ubavuni, mwambie nahodha alegeze mkono kwenye usukani. Chombo kilichokaa sawa hugeuza omo polepole kuelekea kwenye upepo. Kikikimbia upepo, mlingoti umewekwa vibaya au tanga si lake. Kikigeuka kwa ghafla na kwa nguvu, utashindana na usukani huo kila safari.

Chombo kilichokwisha tumika kina maswali yake. Kuna funza wa baharini anayezila mbao kwa ndani, na tundu analoliacha kwa nje ni dogo kuliko kichwa cha kibiriti. Wavuvi huviegemeza vyombo ubavu wakavichoma chini kwa moto wa makuti ili kumwua, na alama nyeusi za moshi huo ni habari njema: mwenyewe anajali. Choma kwa kisu mbao za chini karibu na mkuku. Zikikubali ncha bila ubishi, ndani ni matundu matupu. Ubao mmoja au mbao mbili zilizobadilishwa hazina shida, alimradi viungo vipya vimeangukia juu ya taruma na havijapangana kimoja juu ya kingine. Mwisho ni viraka vya bati. Kiraka kidogo chenye pamba na deheni chini yake kinaweza kukufikisha msimu mzima, na wengi huvua hivyo. Lakini muulize mwenyewe kilichofunikwa, na umwombe akibandue mbele yako kabla hujahesabu fedha. Akisema kukibandua kutakirudisha chombo nyuma, au fundi wake hayupo, au maji yanajaa sasa, nenda kaikague mashua inayofuata.