Kupima si Kudhibiti: Tahadhari kwa Wafasiri wa Miongozo ya Mitambo

Hivi karibuni tulipitia tafsiri ya mwongozo wa chombo kinachopima ubora wa maji ya bwawa la kuogelea na kupeleka vipimo katika mfumo unaoendesha mitambo ya nyumbani. Lugha yake kwa jumla ni fasaha, na mfasiri anastahili sifa kwa kuliepuka neno "dimbwi", ambalo kwetu ni maji ya mvua yaliyotuama njiani. Hata hivyo, istilahi mbili hazina budi kusahihishwa kabla mwongozo haujamfikia mtumiaji.

Ya kwanza ni "kidhibiti", neno lililopewa chombo chenyewe. Kudhibiti ni kutawala, na chombo hiki hakitawali kitu. Kihisi chake huzamishwa majini, husoma pH na uwezo wa maji kuoksidisha, kisha hutuma habari. Kinachoamuru ni mfumo. Kinachotenda ni pampu ya dawa, ikiwapo. Kipimajoto hakiponyi homa. Mwenye nyumba akiamini kwamba "kidhibiti" kinayatunza maji, atawaacha watoto waogelee hata pH ikifika 8, hali ambayo takriban robo tu ya klorini huru huwa katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu. Huenda mtu akapendekeza "kipimamaji". Lakini pimamaji ni mali ya mwashi, ambaye hukagulia usawa wa kuta. Sisi tunapendekeza "kichunguzi cha ubora wa maji".

Ya pili ni "kurekebisha". Katika ukurasa mmoja maana yake ni kutia asidi majini. Katika ukurasa unaofuata, ni kuchovya kihisi katika vimiminiko ambavyo pH yake inajulikana, mathalan 4 na 7, ili usomaji wake ulingane navyo. Je, anayeambiwa "rekebisha pH" atafanya lipi? Akitia asidi ilhali kosa ni la kihisi, atayaharibu maji yaliyokuwa mazuri. Basi maji yarekebishwe, na kihisi kilinganishwe.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Katika ushairi neno moja laweza kubeba maana tatu na likapendeza. Katika mwongozo wa mtambo, kila tendo lipewe jina lake. Kabla ya kuchagua neno, mfasiri na ajiulize: kipi kinapima, kipi kinaamuru, na kipi kinatenda?