Ukuta wa Chokaa

Fundi aliipokea kamera yangu kwa mikono miwili. Hakuiwasha, wala hakuniuliza imeandika nini. Aliisogeza sikioni, akaitikisa polepole, kama mama anavyotikisa kibuyu kujua maziwa yamefikia wapi. Kisha akaiweka juu ya kitambaa cheupe na kunitazama.

"Umetoka kupigia wapi, ng'wanawane?"

"Geita, baba."

"Makarashani?"

Nikanyamaza. Ni kweli, siku mbili kabla ya harusi nilikuwa kwa wachimbaji wadogo, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa mpaka yanakuwa unga. Nilibadilisha lenzi nimesimama palepale, mashine zikinguruma, hewa ikiwa nyeupe. Vumbi la barabara zetu za Shinyanga ni udongo. Ukilipuliza kwa adabu linaondoka. Unga wa karasha ni mwamba. Una makali, nao ukishaingia penye vibamba vya shata, vyembamba kuliko ukucha, hautoki kwa kuombwa.

Jumamosi jioni kamera ikagoma. Bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi, vigelegele vimepamba moto. Shata nzima husema mara mbili: pazia la kwanza likifunguka, la pili likifunga. Yangu ilisema mara moja, mlio mkavu usio na mwenzake, kisha skrini ikaandika Err. Nikaizima, nikaiwasha. Nikachomoa betri, nikairudisha. Picha za saa ile hazipo popote duniani. Familia ile haijanilaumu hata siku moja, na ukimya wao unaniuma kuliko lawama.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, mjini Shinyanga, upana wa meza moja na viti viwili. Alikuwa na bisibisi za fundi saa, chuma cha lehemu, na ule mpira wa kunyonyea kamasi za watoto wachanga, ambao yeye aliutumia kupulizia vumbi. Mdomo wake haukukaribia kamera kamwe. Aliniambia pumzi ya mtu ina mate, na mate yakikauka juu ya sensa huacha doa linalotokea katika kila picha ya anga. Nimewaona vijana wengi wakipuliza kwa mdomo, halafu wakifutia pindo la fulana. Wana kamera za mamilioni, na hawajawahi kuambiwa.

Kitu ninachokikumbuka zaidi ni trei ya mayai. Kila skrubu aliyoifungua aliiweka katika shimo lake, kuanzia kona ya kushoto, safu kwa safu, kwa mpangilio ule ule ilivyotoka. Skrubu za kamera zinafanana kwa macho, lakini moja ikizidi nyingine urefu wa nusu milimita, ukiikosea mahali inatoboa kilicho chini yake. Wakati wa kufunga alianza shimo la mwisho akirudi nyuma. Katikati ya kazi mteja alikuja, wakazungumza habari za pamba na mvua kwa nusu saa nzima. Alipomaliza, mkono ukarudi kwenye shimo lile lile bila jicho kuutangulia. Alipofika kwenye shata yenyewe alichukua kibanio, akashika pumzi, akainua kibamba kimoja. Ukingoni mwake palikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama wanja. Ndio uliokuwa umeniharibia harusi ya watu.

Nilimuuliza kwa nini hakutaka kujua kamera imeandika nini. Akasema, "Inasema inaumwa. Haisemi inaumwa wapi."

Hapo ndipo ufundi wake ulipokaa. Kamera za Canon kwa miaka mingi ziliandika Err 99 kwa maradhi mengi yasiyokuwa na namba yake. Baadaye wenyewe wakayagawa: 01 ni kamera na lenzi kutoelewana, 02 ni kadi, 05 ni flashi iliyoshindwa kuinuka, 30 ni shata. Za Nikon, ukivalisha lenzi ya zamani bila kufunga pete yake hadi mwisho, huandika fEE, na mtu asiyejua anaweza kuuza lenzi nzima kwa herufi tatu. Namba ni mlango tu. Ndani ya 01 pengine kuna waya uliokatika, na mara nyingi kuna uchafu tu. Nilishuhudia mpiga picha mmoja wa Geita aliyekuja akiwa ameshakata tamaa na lenzi yake. Fundi alichukua kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, akasugua taratibu zile pini ndogo nyuma ya lenzi, akapitisha pamba yenye spiriti. Kamera ikapiga. "Pini hizi zimepakwa dhahabu," alimwambia. "Wewe unatoka kwenye dhahabu, mbona hii huijali?"

Alijifunzia kazi kwenye Zenit, kamera ya Wasovieti. Zenit E haikuwa na betri wala skrini. Ilikuwa na kasi tano, kuanzia 1/30 hadi 1/500, na pazia la kitambaa chenye mpira lililokwenda kwa springi. Ikiumwa haikuandika chochote. Uliisikiliza. Sikio lake lilifundwa na mashine isiyojua kusema, na zilipokuja mashine zinazoandika, akaendelea kusikiliza.

Na vumbi alilijua tangu utoto. Nchi hii ya Shinyanga ilikatwa miti kufukuza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha ngitili, yale malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, na vivuli. Wenzetu wa pwani kamera zao huliwa na chumvi na ukungu. Zetu huliwa na ardhi yetu wenyewe.

Kazi ikiisha, alikwenda ukutani. Ukuta wa nyuma wa kibanda aliupaka chokaa kila mwaka, mweupe pe, usio na msumari wala picha. Aliweka kamera kasi ya sekunde moja, akafumba macho, akasikiliza mwanzo na mwisho. Kisha akapanda hadi 1/4000 na kuupiga ukuta mara kumi. Katika kasi hiyo pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijafika, na picha huandikwa na ufa mwembamba wa mwanga unaopita. Pazia moja likichelewa kidogo tu, upande mmoja wa ukuta hutoka na kivuli. Picha zangu kumi zilitoka nyeupe, ukingo kwa ukingo. Alinionyesha moja baada ya nyingine, na sijaona picha nzuri kuliko zile kumi za ukuta mtupu.

Kamera nyingi za bei ya chini hutengenezwa zikitarajiwa kuhimili mapigo kama 100,000. Ni mengi, lakini siku hizi harusi moja hupigwa picha 2,000, kwa hiyo harusi hamsini zinaimaliza shata. Enzi za mkanda wa picha 36, kidole kilifikiri kabla ya kubonyeza. Sasa kitufe kinakandamizwa kama honi, na shata ikichoka kamera inatupwa kabatini, inanunuliwa nyingine. Hata shata yenyewe itasahauliwa. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina kabisa shata ya vibamba. Na ule mlio unaousikia kwenye simu yako ni sauti iliyorekodiwa. Ndani yake hakuna kinachofunguka wala kinachofunga. Mashine isiyokuwa na kitu cha kusikilizwa haimhitaji mtu wa kuisikiliza, na kijana hawezi kurithi sikio ambalo hakuna anayeliulizia.

Mwezi uliopita nilipita nyuma ya soko. Fundi alisharudi kijijini, macho yamempungua. Kibanda kinauza kava za simu na chaja, na kijana aliyekuwamo alinikaribisha kwa heshima zote. Niliomba kuuona ukuta. Umepakwa rangi ya tangazo la huduma za simu, nyekundu, toka juu hadi chini. Pembeni, karibu na sakafu, mahali ambapo brashi haikufika, kimebaki kipande cha chokaa kama kiganja cha mtoto. Nilichuchumaa, nikawasha kamera yangu, nikaiweka 1/4000.