Kitovu Kisichoonekana Ramanini: Uhakiki wa Mbinu za Kitakwimu za Kubaini Vitovu vya Uchafuzi wa Mazingira

Ramani ya uchafuzi yenye madoa mekundu huaminiwa upesi. Msomaji huyachukulia madoa hayo kuwa ndiyo hatari yenyewe, ilhali ni majibu ya swali ambalo mtafiti ameliunda kwa kuchagua mipaka, majirani na kigezo cha ulinganisho. Makala haya yanalihakiki swali hilo.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Getis na Ord, kilichochapishwa mwaka 1992. Kipimo hicho hulichukua kila eneo pamoja na majirani zake, kisha huangalia iwapo jumla ya thamani zao inazidi ile inayotarajiwa kutokana na wastani wa eneo zima la utafiti. Ubora wake ni dhahiri, kwani hutenganisha thamani kubwa iliyo pekee na mkusanyiko wa kweli. Mwaka 1995, Anselin aliongeza viashiria vinavyobainisha pia eneo linalotofautiana na majirani zake.

Hata hivyo, udhaifu wa kwanza umo katika wastani huo. Iwapo mji mzima umechafuliwa kwa kiwango kinacholingana, hakuna mtaa utakaouzidi mwingine, na ramani haitaonyesha kitovu chochote. Kipimo hakitakuwa kimesema kwamba mji ni salama. Kitakuwa kimesema tu kwamba mitaa yake haitofautiani.

Udhaifu wa pili ni wingi wa majaribio. Ramani yenye miraba 1,000, ikipimwa kwa kiwango cha asilimia 5, hutarajiwa kutoa takriban miraba 50 yenye dalili hata pasipo na mpangilio wowote. Mtafiti asiyerekebisha kiwango hicho huzua vitovu vya bahati nasibu.

Udhaifu wa tatu, ulio mzito zaidi, ni ukubwa wa kipande kinachopimwa. Mwaka 1984 Openshaw alieleza kwa kina kwamba data zilezile, zikigawanywa kwa mipaka tofauti, huweza kutoa matokeo tofauti. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa kwa madini ya risasi kutoka kiwanda jirani cha kuyeyusha betri chakavu, unaonyesha uzito wa jambo hili. Wastani wa kaunti nzima ungeumeza mtaa mdogo kama huo. Madhara yalidhihirishwa na vipimo vya damu na madai ya wakazi wenyewe, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia.

Mbinu hizi hazistahili kutupwa, bali kuwekewa masharti. Kila ramani itaje ukubwa wa vipande vyake, umbali wa ujirani na marekebisho yaliyofanywa. Ulinganisho na wastani uambatane na kikomo cha kiafya. Aidha, sehemu isiyopimwa ichorwe kuwa haijapimwa, isiachwe nyeupe kana kwamba ni safi.