Nati za Ndani

Nilimkuta fundi amechuchumaa nyuma ya Land Cruiser nyeupe, gurudumu limeshatolewa, mkononi ana kipande cha chaki. Alikuwa akiupaka chaki uso wa pete nene ya aluminiamu, taratibu, hadi ukawa mweupe wote. Akaivisha pete kwenye habu, akaikandamiza kwa viganja viwili, kisha akaitoa na kuigeuza juani. Upande mmoja chaki ilikuwa imefutika. Upande wa pili ilibaki vilevile, haijaguswa.

"Unaona, bosi? Kutu ya huku inaiinua. Nikifunga hivi hivi, gurudumu litacheza."

Akachukua brashi ya waya, akaanza kusugua habu upya. Ilikuwa mara ya tatu.

Pete ile ndiyo spesa. Hukaa kati ya habu na rimu, ikalisukuma gurudumu nje. Ukifunga ya milimita 30 kila upande, nafasi kati ya gurudumu la kulia na la kushoto huongezeka kwa milimita 60. Wengi huifunga kwa ajili ya mkao tu, na mimi nipo upande wao. Gari ambalo tairi zake zimefika usawa wa madigadi huonekana limetulia hata likiwa limeegeshwa, na utulivu huo si wa macho peke yake. Gari likikata kona, uzito hulalia magurudumu ya nje. Kadiri magurudumu yanavyoachana, ndivyo uzito unaohama unavyopungua. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu enzi. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba, na hakuna mvuvi anayetweka tanga juu yake bila matengo yake mawili kutandazwa huku na huku.

Lakini Land Cruiser ile nyeupe ilikuwa na sababu nzito zaidi. Mwaka 2007 Toyota iliipa familia ya Land Cruiser 70 injini ya dizeli ya V8. Injini hiyo ni pana, kwa hiyo sehemu ya mbele ya gari ikapanuliwa pamoja na ekseli yake. Ekseli ya nyuma ikaachwa na upana wake wa zamani. Ukisimama nyuma ya gari la namna hiyo utaona magurudumu ya nyuma yameingia ndani kuliko ya mbele. Tofauti yote ni takriban milimita 95. Kwenye lami dereva anaweza kukaa miaka bila kulifikiria. Kwenye mchanga, au kwenye tope la masika, analihisi mwilini: magurudumu ya mbele yanakata njia, ya nyuma hayaipati, yanapanda kingo na kuchimba njia nyingine, na gari linatikisa kiuno huku injini ikilalamika. Gawanya 95 kwa mbili. Milimita 47.5 kila upande, na nyuma inafuata mbele.

Unene kama huo haufungwi kwa kuweka bolti ndefu tu. Spesa hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake yenyewe, nazo huzama ndani ya matundu yaliyochongwa. Spesa ina bolti zake zinazochomoza, na hizo ndizo zinazobeba rimu. Hivyo gari linakuwa na nati za ndani na nati za nje. Za nje kila mtu anaziona. Za ndani, rimu ikisharudi, hazionekani wala hazifikiki.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii. Wengi wetu tunaamini gurudumu hushikiliwa na bolti, kana kwamba limetundikwa juu yake kama koti kwenye msumari. Sivyo. Kazi ya bolti ni kuvuta: zinaubana uso wa rimu dhidi ya uso wa habu kwa nguvu kubwa, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaozuia gurudumu lisiteleze. Nyuso zisipokutana sawasawa, bolti zinaanza kubeba mzigo ambao hazikuundiwa, zinapinda na kunyooka kila mzunguko, hadi siku moja mojawapo inakatika. Spesa inaongeza uso mwingine wa kukutana. Chaki ya yule fundi ilikuwa inaulizia hilo tu.

Vipimo navyo havina huruma. Kwenye Land Cruiser hii bolti tano zimepangwa kwenye mduara wa milimita 150, na tundu la katikati ni milimita 110. Spesa nzuri ina tundu hilo hilo la ndani, na kwa nje ina mdomo uliokerezwa wa kuipokea rimu. Niliwahi kununua seti ya gari dogo dukani, bei nafuu, tundu lake pana kuliko habu. Kwa macho ilipendeza. Nilipofika kilomita 80 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, na kila nilipoongeza mwendo ulizidi. Niliitoa siku ileile, na sijaifunga tena popote.

Upana una gharama zake. Gurudumu likisogea nje, beringi inabeba mzigo kutoka mbali zaidi, na spesa za mbele hubadilisha hata jinsi usukani unavyovuta kwenye mashimo. Nchini Ujerumani spesa huhitaji hati na ukaguzi. Australia, ambako Land Cruiser 70 inapendwa mno, kanuni zake za magari zimekataa spesa za kuongezwa, na wanaotaka kusawazisha nyuma hubadilisha ekseli. Sioni kosa katika ukali huo. Gari la kubeba magunia kupita kiasi lisifungwe spesa, na spesa mbili zisibebane kamwe.

Safari ya nne chaki ilifutika kote. Fundi akafuta vumbi kwa kitambaa, akasukuma spesa ikaingia kwenye habu kwa mlio mfupi mzito. Akaingiza nati za ndani kwa vidole, akihesabu mizunguko: bolti ya milimita 14 yenye uzi wa 1.5 inataka mizunguko tisa na zaidi kabla nati haijakaza. Akakaza kwa kurukia upande wa pili kila mara, kwa spana yenye kipimo, kisha akachora mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye spesa, ili ikilegea ionekane.

Ukimpata fundi wa namna hii, usimharakishe. Na ukishaendesha kilomita 100, mrudie. Rimu zitolewe, mistari ya rangi iangaliwe, nati za ndani zikazwe tena, ndipo zifuate za nje.